Ukipata shida ya siri usiku, ungemwendea nani? Jinsi ya kujenga kikundi cha waelimishaji rika chuoni Dar es Salaam

Tulipoanza, tulikosea. Tukiwa mwaka wa pili, mimi na wenzangu sita tulikodi spika, tukabandika matangazo kuanzia kafeteria hadi milango ya hosteli, tukamwalika daktari aje azungumze na wanafunzi kuhusu magonjwa ya zinaa. Ukumbi ulijaa. Daktari alionyesha picha za vidonda ukutani, watu wakaziba macho, wakapiga makofi, wakapewa soda. Muda wa maswali ulipofika hakuna aliyenyoosha mkono, isipokuwa kaka mmoja aliyeuliza kama vyeti vya ushiriki vitatolewa. Ilikuwa Jumatatu. Usiku huo huo, kama saa 4, dada wa chumba cha jirani alinifuata bombani nikifua. Alikuwa ameketi mstari wa tatu kwenye semina yetu. Akiwa anaangalia ndoo, si mimi, aliniuliza hivi: mtu akipasukiwa na kondomu Ijumaa saa 5 usiku, leo ameshachelewa?

Mimi, mwandaaji wa semina, sikujua jibu. Nikamwambia tutauliza kesho.

Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya mtu kukutana na hatari, zile zinazoitwa PEP, zinatakiwa zianze kabla saa 72 hazijapita. Dada yule alikuwa amebakiwa na saa moja. Alipima baada ya miezi mitatu akakutwa salama, lakini miezi ile alikonda, akafeli kozi mbili, na sura yake pale bombani sijaisahau mpaka leo.

Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na jinsi ya kuandaa semina. Mwanafunzi wa Mlimani, Muhimbili, Chang'ombe, Ardhi au Kigamboni amesikia habari za UKIMWI tangu darasa la nne. Anachokosa ni mtu wa kumwendea. Pwani yetu hii zamani haikuwa na uhaba wa watu hao: mwali wa Kizaramo alikuwa na kungwi, msichana wa Kiswahili alikuwa na somo wake, mwanamke asiye mama yake, wa kumweleza mambo ya mwili ambayo mama na binti wangeoneana haya kuyataja. Wavulana walikuwa na jando. Leo tunatoka Bukoba, Tandahimba, Mbulu na Pemba, tunakutana hosteli ya Mabibo bila somo wala kungwi, kila mtu na simu yake na rafiki wa chumbani ambaye naye hajui.

Hatua ya 1: Wapate wale ambao tayari wanaendewa

Usianze kwa kutangaza nafasi. Ukitangaza utapata wanaotafuta posho, fulana na cheti, na siwalaumu, maana boom, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, likichelewa hali ni ngumu. Lakini hao si watu unaowahitaji.

Gawa vikaratasi kwenye hosteli moja. Kila mtu aandike jina moja tu, bila kujitambulisha yeye mwenyewe, kujibu swali hili: "Ukipata shida ya siri usiku, katika jengo hili ungemwendea nani?" Kusanya, hesabu majina yanayojirudia. Sisi tulitegemea kuyaona majina ya viongozi wa serikali ya wanafunzi. Badala yake lilitoka jina la dada anayesuka wenzake koridoni, na la kijana mwenye mashine ya kunyolea chumbani kwake. Ukifikiri utaona sababu. Mtu anayesukwa anakaa saa nne akiwa ameinamisha kichwa, haangaliwi usoni, na anazungumza.

Kwa hosteli moja, watu 10 hadi 12 wanatosha. Wawe wanawake na wanaume, wa mwaka wa kwanza mpaka wa tatu. Wawepo na wale wanaokaa gheto Sinza, Changanyikeni, Makongo au Kimara, kwa sababu maisha ya gheto hayafanani na ya hosteli. Wawepo Waislamu na Wakristo. Kama chuoni kuna wanafunzi viziwi, tafuteni mmoja wao tangu siku ya kwanza. Msiwaletee habari mwishoni kupitia mkalimani wa lugha ya alama, maana mtu hawezi kueleza siri yake ya kitandani huku mtu wa tatu akiitafsiri.

Kanuni ya kwanza, iandikwe kabla ya jina la kikundi: mwelimishaji rika hamtongozi mtu aliyemjia na shida. Atakayelivunja hilo atoke siku hiyo hiyo, hata kama ndiye mwenyekiti.

Hatua ya 2: Ruhusa, na sista wa zahanati

Barua ni jambo la siku moja. Iende kwa Mshauri wa Wanafunzi, nakala kwa serikali ya wanafunzi na kwa zahanati ya chuo. Eleza mtafanya nini, wapi na mara ngapi, na taja kwamba hamtibu wala hamgawi dawa. Msipofanya hivyo mtafukuzwa koridoni na mlinzi wa kwanza atakayewaona na boksi la kondomu.

Kazi yenyewe ni kumpata muuguzi mmoja wa zahanati awe wenu. Nenda saa ambayo hakuna foleni, msalimie vizuri, usiwe na haraka.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba, mwanangu. Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa. Tumekuja kukuomba uwe mtu wetu. Wenzetu wanaogopa kuja hapa."

"Wanaogopa nini?"

Hapo mwambie ukweli: wanaogopa kuulizwa "umeolewa?" mbele ya watu, wanaogopa daftari kubwa la mapokezi, wanaogopa kwamba yule wa maabara anakaa kanisani nao. Wauguzi wengi hawajawahi kuambiwa hivyo na mwanafunzi. Wa kwetu alinyamaza, kisha akatuambia tukimleta mtu tuulize kama "mama wa chanjo" yupo, atajua la kufanya. Maneno hayo matatu yalitusaidia kuliko mabango yote tuliyochapisha.

Muulizeni pia mambo haya: usiku na Jumapili anafungua nani? PEP ipo hapa au mgonjwa anapelekwa hospitali? Njia zipi za uzazi wa mpango zinatolewa? Kisha tembeeni wenyewe mpaka kwenye hospitali za rufaa za mkoa, yaani Amana, Mwananyamala na Temeke, na ile ya Sinza kama mko upande wa Mlimani. Nendeni siku ya kazi, mrudi tena Jumapili. Kliniki ya tiba na matunzo, CTC, kwa kawaida haifanyi kazi wikiendi, kwa hiyo mjue mlango wa dharura uko wapi na mtu aseme neno gani akifika. Andikeni muda wa kweli wa safari, ukiwamo wa foleni ya Ubungo jioni. UMATI, chama kilichoanza mwaka 1959, nacho hutoa huduma za uzazi kwa vijana, kitafuteni.

Viongozi wa dini waambieni mapema, wasisikie kwa watu. Mwambieni imamu na mchungaji wa chuo kwamba kikundi hakimsukumi mtu kuanza mapenzi, na kwamba anayesubiri ndoa anaheshimiwa kwenye kikundi sawa na mwingine. Lakini msiwafiche kwamba mtafundisha kondomu. Mimi sioni njia nyingine. Ukificha leo, kesho watakuona muongo, na hata la kweli hawatakuamini tena.

Hatua ya 3: Jifunzeni kwanza, Jumamosi nne

Semina ya siku moja haitoshi. Chukueni Jumamosi nne, kwa muda wa saa tatu kila moja, muuguzi awepo angalau mara mbili. Fanyeni kwa Kiswahili. Mihadhara yetu ni ya Kiingereza, lakini aibu yetu ni ya Kiswahili, na mtu akijifunza kusema "the vagina" bado hawezi kumwambia mwenzake "uke". Mzoee kutamka uume, uke, shahawa na ute bila kucheka. Mjue pia maneno ya koridoni, zana (kondomu), kavu (bila kondomu), gono (kisonono), ili mtu akiyasema usimwulize maana. Ila yale ya kuumiza, kama kusema fulani "ameungua", yaani ana VVU, yaacheni nje ya kikundi kabisa.

Anzeni na UTI. Nasema hivyo kwa sababu hilo ndilo neno linaloficha magonjwa mengi chuoni. Kila kitu ni UTI: muwasho ni UTI, usaha ni UTI, maumivu ya tumbo ni UTI, na chanzo ni vyoo vya hosteli. UTI halisi ni bakteria kwenye njia ya mkojo. Mtu anakojoa mara kwa mara, kidogo kidogo, kwa maumivu. Ute mweupe mzito kama mtindi, pamoja na muwasho, mara nyingi ni fangasi, na fangasi hazimaanishi kwamba mtu amelala na mtu. Usaha, ute wenye harufu na rangi isiyo ya kawaida, kidonda hata kisichouma, au maumivu chini ya kitovu wakati wa tendo, hayo yanataka vipimo vya magonjwa ya zinaa. Mtu haambukizwi kisonono wala klamidia kwa kukalia choo.

Wafundisheni wenzenu kwamba wanawake wengi wenye klamidia au kisonono hawaoni dalili yoyote. Vimelea vinapanda taratibu mpaka kwenye mirija ya uzazi, na mtu anakuja kujua akiwa ameolewa na anatafuta mtoto. Halafu kuna duka la dawa. Kijana anakwenda pale Mwenge, anasema "nipe azuma na cipro", anakunywa siku mbili, anaona nafuu, anaacha. Kisonono kimekuwa sugu kwa cipro katika nchi nyingi duniani kwa sababu ya matumizi ya namna hiyo. Na mwenzake asipotibiwa wataendelea kurudishiana ugonjwa.

Kisha P2, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba baada ya tendo. Hakuna dawa inayonywewa sana na kueleweka kidogo namna hii. P2 huchelewesha yai kutoka. Haitoi mimba iliyokwisha kutunga, haizuii VVU wala kisonono, na haimlindi mtu kwa tendo la kesho yake. Hufanya kazi vizuri zaidi ikinywewa mapema, ndani ya siku 3, ingawa inaweza kusaidia hadi siku ya 5, kwa nguvu inayopungua. Akitapika ndani ya saa 2, arudie. Siku zake za mwezi zinaweza kusogea mbele au nyuma. Zikichelewa zaidi ya wiki moja, apime mimba. Mwenye kutumia dawa za TB au baadhi ya ARV, dawa za kufubaza VVU, aulize kwanza, maana nyingine huipunguza nguvu. Watakuuliza kama P2 inaleta ugumba. Hapana. Lakini anayeinywa kila wiki mbili anahitaji njia ya kuendelea nayo, si ya dharura, na hapo ndipo mazungumzo mazuri yanapoanza: vidonge vya kila siku, sindano ya miezi 3, kijiti cha miaka 3 au 5, kitanzi cha shaba kinachoweza kukaa miaka 10 na zaidi. Kitanzi hicho kikiwekwa ndani ya siku 5 baada ya tendo huzuia mimba kuliko hata P2. Kijiti kikitolewa uwezo wa kushika mimba hurudi haraka. Kwa sindano unaweza kuchukua miezi kadhaa, na mtu aambiwe kabla hajachomwa.

Kumwaga nje watakutajia kila mara. Katika wanawake 100 wanaotegemea njia hiyo kwa mwaka, kama 20 hupata mimba. Kalenda nayo, ukijua kwamba mbegu zinaweza kuishi mwilini mwa mwanamke hadi siku 5, utaona kwa nini "siku salama" za kwenye simu zimewadanganya wengi.

Kondomu mtaifanyia mazoezi kwa mikono, kila mtu, mpaka aweze kuivisha gizani kwenye ndizi au mti uliochongwa. Soma tarehe. Bonyeza pakiti usikie hewa. Chana kwa vidole, si kwa meno. Finya ncha hewa itoke, viringisha mpaka mwisho, na ukimaliza toa uume ungali umesimama huku ukiishika pale chini. Usivae mbili, zinasuguana na kupasuka. Vaseline, mafuta ya nazi na losheni huozesha mpira. Tumia kilainishi cha maji. Na kwa Dar mahususi: joto. Kondomu iliyokaa mwezi mzima kwenye pochi ya mfukoni, au dirishani kwenye gheto la bati huko Kimara, si ya kuaminiwa hata kama tarehe yake haijafika. Iwekwe ndani ya begi, kivulini.

Kuhusu kupima: vipimo vya haraka vya VVU vinaweza visione maambukizi mapya, kwa hiyo anayepima wiki moja baada ya hatari arudie miezi mitatu baadaye. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2019, mtu kujipima mwenyewe kunaruhusiwa nchini. Kile kipimo cha mate, mtu anapitisha kitepe kwenye fizi na kusubiri dakika zilizoandikwa kwenye pakiti, kwa kawaida 20. Mistari miwili haimaanishi kwamba habari imekwisha. Maana yake ni kwenda kituoni kuthibitisha. Anayetumia ARV asijipime hivyo, majibu yatamdanganya. Na hili lisemwe kwa sauti, kila mara: mtu anayekunywa ARV zake vizuri mpaka virusi havigunduliki kwenye damu hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Nimeona uso wa kijana ukibadilika aliposikia sentensi hiyo kwa mara ya kwanza. Alikuwa anatumia dawa tangu utotoni, na alikuwa amejiambia hataoa.

Tohara, PrEP (dawa za kujikinga na VVU kabla ya hatari), chanjo ya homa ya ini B na ile ya HPV, virusi vya saratani ya shingo ya kizazi, muuguzi atawapitisha. Muda wenu mwingi utumike kwenye igizo dhima: mmoja ana shida, mwingine anasikiliza, wengine wanaangalia anayesikiliza amekunja uso mara ngapi.

Hatua ya 4: Siri

Muhula wetu wa tatu, dada mmoja wa kikundi alimweleza rafiki yake wa maombi kuhusu mwenzetu aliyetoka kupima. Alifanya kwa nia njema, ili wamwombee. Siku ya pili koridoni watu walijua. Mwenzetu alihama hosteli, na kwa muhula mzima hakuna mtu aliyemwendea yeyote kati yetu. Hatukuwa na neno la kujitetea.

Kwa hiyo tukaweka taratibu, na mimi nawaomba mzichukue kama zilivyo. Daftari la kikundi halina majina, lina alama tu: siku, jambo (mimba, dalili, PEP, ukatili), alipelekwa au hakupelekwa. Kwenye kikao cha wiki mtu hasimulii kisa chenye dalili za kumtambulisha mwenye nacho, hata kozi au ghorofa haitajwi. Ukikutana naye kesho kafeteria, msalimie kama ulivyokuwa ukimsalimia jana. Usimwulize "vipi, umepona?" WhatsApp itumike kupanga mahali pa kukutana tu, na meseji ziwekwe za kujifuta. Picha ya majibu usiipokee. Akikutumia, futa na umwambie umefuta. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kumlazimisha mtu kupima, na inalinda siri ya majibu yake. Lakini msingoje sheria iwatishe.

Kuna siri nyingine ya vyumba vyetu. Kubebana kumefanya chumba cha watu wanne kiwe na sita au saba, na anayekunywa ARV hana pa kuweka kopo. Kopo la vidonge linalia. Pamba safi juu ya vidonge inaondoa mlio, na dawa zibaki ndani ya kopo lake, zisimwagwe kwenye mfuko wa nailoni, zisipate unyevu. Wengine huziacha kwa muuguzi wa zahanati. Nimetaja jambo hili dogo kwa sababu nimejua watu walioacha dawa kwa ajili ya mlio wa kopo.

Hatua ya 5: Mtu anapokujia

Swali lako la kwanza liwe "lini?" Usianze na "nani" wala "kwa nini". Hesabu saa ukiwa naye. Akisema Jumamosi saa 5 usiku, na sasa ni Jumatatu saa 10 jioni, zimepita saa 41, zimebaki 31 za PEP. Msihangaike, lakini nendeni siku hiyo hiyo, msilale nalo. Mweleze kwamba atapimwa VVU kwanza, na akiwa hana maambukizi atapewa dawa za siku 28, ambazo asiziache katikati hata kama zinamletea kichefuchefu wiki ya kwanza. Kama kuna hatari ya mimba, P2 ipatikane siku hiyo hiyo.

Swali la pili: "Ulitaka?" Liulize polepole, halafu nyamaza. Kama alilazimishwa, au alikuwa amelewa kiasi cha kutojua, mambo yanabadilika. Mwambie asioge kama anaweza kuvumilia, nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa nailoni. Hospitali ni kwanza, kwa ajili ya saa zile zile 72. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na PF3, fomu ya polisi ya kupelekwa hospitali, itahitajika kwa kesi, lakini hofu ya polisi isimzuie kutibiwa. Amana pana kituo cha huduma za pamoja kwa waliofanyiwa ukatili. Kuripoti au kutoripoti ni uamuzi wake. Usimsukume, na usimkatishe tamaa.

Na kama aliyemtaka ni mhadhiri mwenye alama zake za mtihani mkononi? Rushwa ya ngono ni kosa kwa kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. TAKUKURU hupigiwa bure kwa 113. Mwanafunzi atunze meseji zote, asijibu kwa hasira, na asiende ofisini peke yake. Ninyi msimvizie mhusika wala msimtangaze mtandaoni. Anayeumia kwa hilo mara nyingi ni mwanafunzi.

Kama mimba imeshaingia na hajui la kufanya, kaa naye. Usimpe dawa wala namba ya mtu wa kutoa mimba. Sheria yetu inaruhusu kutoa mimba kwa kuokoa maisha ya mama tu, na wanaokufa kwa vijiti na vidonge vya uchochoroni ni wasichana wa umri wetu. Ila kama tayari ametoa na anavuja damu, ana homa au harufu, apelekwe hospitali sasa hivi. Matibabu baada ya mimba kuharibika hutolewa kwenye hospitali za serikali, na kazi yako ni kumfikisha, si kumhoji.

Wekeni akiba ya nauli kwenye simu ya mweka hazina, hata 20,000, kwa ajili ya bajaji ya usiku. Mtu asikose saa zake kwa kukosa nauli ya kufika Mwananyamala.

Msindikize mpaka mlangoni. Chumbani kwa daktari aingie mwenyewe, isipokuwa akikuomba. Mkirudi, mwulize kitu kimoja tu: tarehe ya kurudi kliniki ni lini, na angependa umkumbushe kwa njia gani.

Hatua ya 6: Mjulikane mlipo

Sasa ndiyo mnaweza kutangaza. Wiki ya kuwapokea mwaka wa kwanza, Oktoba au Novemba, dakika 10 zinatosha: namba ya kikundi, saa 72, na zahanati iko wapi. Wiki boom linapoingia na wiki ya baada ya UE, mitihani ya mwisho wa muhula, ndizo zenye kazi nyingi kwetu, wekeni zamu za usiku. Sanduku la maswali liwe maktaba au kafeteria, si mlangoni kwa zahanati ambako kila anayelikaribia anaonekana. Majibu yabandikwe kila Ijumaa. Kondomu ziwekwe bafuni na chooni, watu wachukue bila kuomba.

Hatua ya 7: Kukabidhi

Vikundi vingi vya chuo hufa Julai, watu wakienda field, yaani mafunzo kwa vitendo, na wa mwaka wa tatu wakirudi makwao. Kila muhula wa pili, rudieni vikaratasi vya hatua ya kwanza, mpate majina mapya, na wapya wakae zamu pamoja na wa zamani kwa wiki sita.

Angalieni pia laini ya simu. Siku hizi laini inasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA ya mtu mmoja, na mwenye vidole akihitimu anaondoka nayo kwenda Songea, huku namba ikiwa imebandikwa kwenye kila mlango wa choo. Isajiliwe na mtu wa mwaka wa kwanza. Akifika mwaka wa tatu, asajili mwingine laini mpya, namba ya zamani ielekezwe kwenye mpya kwa muhula mzima, na mabango yabadilishwe moja moja kabla ya mtihani wake wa mwisho. Simu yenyewe mkabidhiane mkononi, ikiwa na chaji na vocha, kabla ya saa 12 jioni, kwa sababu wanaopiga huanza kupiga kuanzia saa 4 usiku.